Wakuu, bosi akiandika "let's table it" ana maana gani? Msaada wa haraka

Kibarua_Mbezi: Wakuu, heshima kwenu. Nilipeleka ofisini pendekezo la kubadilisha mabati ya ghala. Ijumaa bosi kajibu imeili mstari mmoja: "Good work. Let's table it." Nikajua limepita, linaenda kikaoni. Leo nimemgusia, kanitazama kama nimemwomba figo. Nimekosea wapi?

Mwalimu_Mstaafu: Vijana hamsomi. Sisi kidato cha pili nahau zote tulikariri, "kick the bucket", "raining cats and dogs", na fimbo juu.

Binti_Pangani: Mie siku ya usaili dada mmoja aliniambia "break a leg". Nikamnunia kutwa, najua ananiapiza. Kumbe ananitakia heri! Kazi yenyewe nilikosa.

Kalamu_Nyekundu: Mleta uzi, bosi ni raia wa wapi?

Kibarua_Mbezi: Inahusu nini mkuu?

Kalamu_Nyekundu: Ndiyo yote hiyo. Mwingereza akisema "to table" analeta jambo lijadiliwe. Hata Bunge letu lina "hati za kuwasilisha mezani". Mmarekani ni kinyume, analiweka kando. Churchill kasimulia kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili: maofisa wa pande hizo mbili walibishana weee juu ya waraka mmoja, kumbe wote walitaka kitu kilekile. Haya, jibu.

Kibarua_Mbezi: Mmarekani. Ila yuko Tanzania, si atumie Kiingereza cha hapa? Na "good work" je?

Kalamu_Nyekundu: Hiyo ni pole, mkuu. Umeshafanya nini?

Kibarua_Mbezi: Nimetoa advansi kidogo tu. Milioni 4. Bei ilikuwa inapanda Jumatatu, nani angengoja? Halafu duka ni la shemeji, hawezi kunitapeli.

Binti_Pangani: Shemeji tena 😂😂

Sumu_ya_Panya: Hii ni chai, tena haina hata tangawizi. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi anatafuta kazi ya ulinzi. Leo anatoa milioni 4 za ofisi?

Kibarua_Mbezi: Ule uzi nilimfungulia mdogo wangu.

Mwalimu_Mstaafu: Mdogo wako hana simu? Na "advansi" ndiyo Kiswahili gani? Sema arubuni.

Binti_Pangani: Mi namwamini. Mtunzi wa chai angemficha shemeji.

Sumu_ya_Panya: Tuma picha ya imeili, futa majina.

Kibarua_Mbezi: Imeili ya ofisi siwezi kuitoa nje, msinitafutie balaa lingine. Kalamu, nikimjibu bosi "let's cross that bridge when we come to it", yaani daraja tutalivuka tukilifikia, itakaa sawa? Jibu upesi. Fuso la shemeji liko getini, mlinzi anauliza mabati yashushwe wapi.