VX 100 yenye AHC: nyuma inalala, mbele imeegemea kushoto, taa ya OFF inawaka na kuzima

KwaMrombo_VX:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijatoa hela. Gari ni Land Cruiser VX 100 ya 2003, petroli, ile yenye haidroliki za kupandisha na kushusha bodi (AHC). Ina ngao ya chuma mbele, keria juu, na nyuma kuna droo za vifaa ambazo hazitoki.

Ikilala usiku, asubuhi nyuma iko chini. Ukiwasha, pampu inanguruma muda mrefu ndipo inyanyuke. Ukiitazama kwa mbele imeegemea kushoto. Ukibonyeza iende H (juu kabisa), mara inapanda kwa zaidi ya dakika nzima, mara inagoma katikati na taa ya OFF inaanza kuwaka na kuzima. Kwenye kompyuta imetoa msimbo wa hitilafu C1762. Na lami ya kwenda Usa River siku hizi kila kiungio cha daraja unakisikia mgongoni.

Gereji wamesema pampu imekufa, vitungi vyote vinne vya gesi vibadilishwe, la sivyo wang'oe mfumo wote wafunge shokapu za kawaida. Nianzie wapi?

Fundi_UngaLtd:

Usinunue kitu bado. C1762 haisemi pampu imekufa, inasema shinikizo la oili haliko sawa. Pampu dhaifu ni sababu mojawapo. Nyingine ni oili pungufu, upepo ndani ya mfumo, chujio lililoziba, na ile ninayoishuku zaidi kwa maelezo yako: uzito.

Elewa kwanza gari hili linavyobebwa. Si kama Citroën za Ufaransa, ambazo oili na gesi ndivyo vinavyobeba gari lote. Kwenye VX 100 mbele kuna tosheni baa (fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi kwa kujipinda), nyuma kuna springi za koili, na hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Oili inabeba kilichobaki tu. Sasa springi zenye miaka zaidi ya ishirini zimelala, halafu umeongeza ngao, keria na droo. Kila kilo ambayo springi imeiacha inadakwa na oili. Shinikizo linapanda, gesi ndani ya kitungi inabanwa mpaka inabaki nafasi ndogo ya kucheza, gari linakuwa gumu, na pampu inahangaika kunyanyua. Dalili zako karibu zote zinaweza kutoka hapo peke yake.

Kuna vipimo viwili vya bure, fanya kesho kwenye sakafu ya zege iliyo sawa.

Cha kwanza ni kopo la oili ya AHC. Washa injini, weka bodi N (urefu wa kawaida), oili iwe kati ya alama mbili za kopo. Usiongeze oili gari likiwa H hata siku moja, kwa sababu likishuka oili inarudi kwenye kopo na itafurika. Kisha lipandishe H, subiri litulie, weka alama kwa kalamu ya maka kwenye plastiki. Lishushe L (chini kabisa), subiri, weka alama ya pili. Hesabu vistari vya kopo kati ya alama hizo mbili. Vitungi vipya hutoa kama vistari 14. Vikifika 8 au pungufu, vimekwisha. Sababu ni kwamba kitungi chenye gesi ya kutosha kinameza oili nyingi gari likipanda na kuirudisha likishuka. Gesi ikiwa imevuja, hakuna cha kubanwa, kwa hiyo oili inayosafiri inakuwa kidogo. Wakati gari linashuka chungulia pia ndani ya kopo: povu jingi ni dalili ya ngozi ya kitungi kupasuka au ya pampu kunyonya upepo.

Cha pili ni futi ya chuma. Gari likiwa N na injini inawaka, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa chini wa madigadi juu ya tairi, matairi yote manne. Mbele itafutwe milimita 500, nyuma 520. Usipime kutoka chini, maana upepo na kuisha kwa tairi vitakudanganya.

Kuhusu kulala usiku: ikishuka kidogo ni kawaida. Oili na gesi vikipoa vinanywea, na baridi ya hapa ya Juni na Julai unaijua. Ikishuka sentimita nne tano kila usiku, hapo kuna jambo.

Kilema4x4:

Naongezea sensa za urefu, maana hapo ndipo watu wengi huku Moshi wanapotea. Ziko tatu: mbili mbele, kila upande moja, na nyuma moja tu. Kila sensa ina mkono mdogo unaofuata mwendo wa wishboni au wa ekseli. Kompyuta ya gari haioni bodi, inaona mkono huo tu. Ukiwa umepinda, au kiungio chake kimelegea, au boliti yake ya marekebisho imeteleza, kompyuta itaamini gari liko sawa wakati liko chini.

Kwa hiyo ukishapima kwa futi, chukua kompyuta ya kupimia inayosoma mfumo huu (Techstream, programu ya Toyota, inasoma) na uangalie urefu wa kila sensa kwa milimita. Kwenye N zote ziwe karibu na 0. Kama futi inasema nyuma iko chini milimita 20 na kompyuta inasema 0, haidroliki haina kosa, imetii ilichoambiwa. Kama kompyuta yenyewe inaonyesha pungufu na gari halipandi, hapo ndipo utafute pampu, oili na shinikizo.

Angalia pia kama namba zimetulia. Mtu atikise bodi polepole wakati unatazama skrini. Namba ipande na kushuka kwa utaratibu. Ikiruka ghafla, kwa mfano kutoka 5 kwenda 40 na kurudi, njia ya ndani ya sensa imelika. Vumbi la barabara za ndani likichanganyika na maji ya kuoshea gari linaingia kwenye plagi na kutengeneza kutu ya kijani. Chomoa plagi, nyunyiza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, sugua kwa mswaki, ikauke kabisa ndipo urudishe. Sensa ikifa kabisa kompyuta inatoa C1711, C1712 au C1713. Wewe hukupata hizo, ni habari njema.

Boliti za sensa zikigoma kwa kutu usizilazimishe. Mkono wake ni mwembamba na unakatika kirahisi. Weka oili ya kulegeza kutu usiku, uzirudie asubuhi.

KwaMrombo_VX:

Asanteni sana, wakuu. Nimepima yote. Kopo: vistari 12, povu hakuna, ila oili ni nyeusi. Futi: mbele kushoto 488, mbele kulia 508, nyuma pande zote 498. Kompyuta: nyuma inasoma 1, mbele kushoto −11, mbele kulia 9. Hazirukiruki. Shinikizo mbele 8.1 MPa (megapaskali), nyuma 7.7. Kiungio cha mkono wa sensa ya nyuma kinacheza ukikishika kwa vidole.

Fundi_UngaLtd:

Vizuri, umetupa kila kitu. Vistari 12 maana yake vitungi vyako bado vinafanya kazi, usivinunue. Pampu inayofikisha 8.1 nayo haijafa. Mbele tunatafuta karibu na 6.9, nyuma kati ya 5.6 na 6.7. Umezidi kote.

Hizo namba zisome mara tu baada ya kutoka L kwenda N, injini ikiwaka. Sensa ya shinikizo iko upande wa pampu, na vali zikishafunga haioni tena kilichomo kwenye magurudumu. Ukisoma gari lililosimama muda mrefu unasoma namba ya jana.

Sasa mpangilio, na usiuvuruge: urefu kwanza, shinikizo baadaye. Ukianza na shinikizo utafanya kazi mara mbili, kwa sababu gari likipanda springi inanyooka, uzito inaoubeba unapungua, na oili inaongezewa mzigo.

Anza na sensa ya nyuma. Badilisha kiungio hicho kinachocheza, kisha sogeza boliti ya marekebisho kidogo kidogo, kila mara shusha L, rudisha N, pima kwa futi mpaka upate 520. Msogeo mdogo pale unaonekana mkubwa kwenye bodi, kwa hiyo nenda milimita mbili tatu tu. Ukifika 520 usishangae shinikizo la nyuma likipita 8. Hapo unaona ukweli wa springi zako.

Mbele, sensa zako zinakubaliana na futi, kwa hiyo ziache. Tofauti ya milimita 20 kati ya kushoto na kulia inarekebishwa kwenye tosheni baa. Shusha gari L, safisha nyuzi za boliti za kukazia tosheni baa kwa brashi ya waya, zipake grisi, kisha kaza kushoto tu mzunguko mmoja. Washa, N, tembea hatua chache mbele na nyuma ili matairi yakae, pima. Endelea hadi pande zilingane. Baada ya hapo kaza pande zote mbili sawasawa. Mzunguko mmoja kamili hupunguza karibu 0.2 MPa, kwa hiyo kutoka 8.1 hadi 6.9 ni kama mizunguko sita. Usiikaze yote kwa mpigo. Miwili, pima, miwili tena. Boliti ikifika mwisho wa nyuzi kabla shinikizo halijashuka, tosheni baa imechoka au inabidi ifunguliwe na kusogezwa meno kwenye mkono wake.

Nyuma hakuna boliti ya kukaza. Ni springi mpya au spesa juu ya springi. Kwa droo zisizotoka, weka springi mpya.

Ukimaliza peleka wili alaimenti.

Bibie_Spea:

Kwenye springi kuwa makini dukani. Kuna springi za VX 100 yenye AHC na za isiyo nayo, na muuzaji asiyejua anakupa yoyote. Ya gari lisilo na AHC ni ngumu zaidi. Ukiifunga, shinikizo la nyuma linashuka kupita kiasi na gari linayumbayumba, kwa sababu kinachotuliza mwendo ni oili inayopita kwenye vali. Taja AHC na uzito unaobeba muda wote.

Oili: ya AHC ya Toyota inauzwa dukani kwenye kopo la lita 2.5. Nunua mawili, maana yako imekuwa nyeusi na kuitoa yote kunameza zaidi ya kopo moja. Oili ya breki isiingie humo kabisa, ile inaharibu sili za mfumo huu. Na vile vyuma vinavyofanana na shokapu kwenye kila gurudumu si shokapu, ni silinda za oili. Kimoja kikivuja hakibadilishwi na shokapu ya dukani.

Na wale waliotaka kung'oa mfumo wote, waulize kama wamehesabu tosheni baa. Za AHC ni nyembamba kuliko za gari la kawaida. Ukiondoa oili ukaziacha hizo hizo, pua inakaa chini siku ya kwanza. Kwa gari linaloshinda porini na mzigo mzito kila siku mabadiliko hayo yana maana, lakini ni tosheni baa, springi na shokapu kwa pamoja. Kwa gari lenye vistari 12 ningeiacha ilivyo.

Fundi_UngaLtd:

Dada amesema kweli. Kwenye kutoa upepo, fanya hivi. Gari N, kisha zima injini. Weka stendi imara chini ya chesisi, kwa sababu ukifungua niple (kiboliti cha kutolea upepo) bodi inashuka yote, haikupi onyo. Mkono wala kichwa kisiwe kati ya tairi na madigadi. Vaa miwani: MPa 7 ni kama mara sabini ya upepo unaotuzunguka, na oili inatoka kwa kishindo.

Chomeka mpira unaoonekana ndani kwenye niple, ncha nyingine ndani ya chupa. Fungua robo mzunguko, acha itoke mpaka itulie, funga. Kila gurudumu hivyo, na ile ya akiyumuleta ya pampu (kitungi kinachohifadhi shinikizo) mwisho. Tazama oili ndani ya mpira: mwanzo inakuja nyeusi na vipovu, baadaye inanyooka na kuwa safi. Kabla ya kuwasha tena jaza kopo, toa stendi, washa, nyanyua hadi N, jaza tena kama imeshuka. Kopo lisikauke hata mara moja, pampu ikinyonya upepo unaanza upya. Rudia mzunguko wote mara mbili au tatu.

Halafu futa C1762 na upime muda kwa saa. Kutoka L hadi H nusu dakika hivi inatosha. Ikichukua zaidi ya hapo wakati shinikizo liko 6.9 na oili ni safi, ndipo ufungue chujio na pampu. Na ikigoma kubaki H ukiwa barabarani si ubovu, ikipita kilomita 30 kwa saa inarudi N yenyewe.

KwaMrombo_VX:

Nimeelewa. Jumamosi naanza na kiungio cha sensa, oili nimeshaagiza makopo mawili. Kushoto nitakaza mzunguko mmoja mmoja na kuleta namba hapa.

Kilema4x4:

Kabla ya kukaza, chora mstari kwa rangi kwenye kichwa cha boliti na kwenye chuma kinachoishika, pande zote mbili. Ukipotea hesabu unarudi ulipoanzia.