Nimepata vyuo vitatu baada ya stashahada: nithibitishe UDOM, Mipango au Mzumbe?

Binti wa Hombolo (muuliza swali)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa rika langu. Nimehitimu Stashahada ya Maendeleo ya Jamii kwa wastani wa alama (GPA) wa 3.6, na katika udahili wa mwaka huu nimepata nafasi tatu. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wamenipokea katika Mipango ya Miradi, Usimamizi na Maendeleo ya Jamii. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, ambacho hapa Dodoma mjini sote tunakiita Mipango, wamenipa Mipango ya Maendeleo ya Mikoa. Na Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoko Morogoro, wamenipa Utawala wa Umma, upande wa serikali za mitaa. Ninatakiwa kuthibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa, nami kila ninapoamka nakuta nimebadili mawazo ya jana.

Nyumbani ni Hombolo. Mama ana shamba dogo la zabibu, na mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo yaliyonisomesha hadi hapa. Mkopo nimeomba, majibu bado. Ninaomba kujua mambo matatu: kama masomo ya stashahada yatanipunguzia mwaka mmoja wa shahada, kama inavyosemwa mtaani, kama shahada ya Mipango itaheshimiwa ilhali taasisi yenyewe haiitwi chuo kikuu, na kama kwenda Morogoro kuna faida inayolingana na gharama yake.

Mhitimu wa Chimwaga

Hongera, mdogo wangu. Nilipita njia hiyo hiyo, kutoka stashahada hadi Chimwaga, yaani UDOM, kwa hiyo nianze na lile lililonivunja moyo: utaanza mwaka wa kwanza. Shahada ya miaka mitatu huhesabiwa kwa krediti 360, na stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wako wa kidato cha nne, hukufungulia mlango tu. Ukishaingia unahesabiwa kuanzia sifuri. Nadhani habari ya kupunguziwa mwaka tumeipata kwa ndugu walioko Marekani, ambako aliyesoma miaka miwili katika chuo cha jamii huweza kuhamishia masomo yake chuo kikuu na kuingia mwaka wa tatu. Hata huko, chuo kinachompokea ndicho huamua kikubali masomo yapi, na wapo wanaopoteza baadhi yake njiani.

Sasa, kwa kuwa miaka mitatu utaikaa popote utakapokwenda, tafuta mahali utakapofundishwa usichokijua. Pata orodha ya masomo ya kila shahada, iweke kando ya matokeo yako ya stashahada, kisha ukate kwa kalamu kila somo ulilokwisha kulisoma. Mimi nililifanya hilo nikiwa tayari darasani, nikakuta karibu nusu ya masomo ya muhula wa kwanza nayafahamu hadi mifano ya mwalimu. Nilipata alama nzuri na uvivu mwingi, na takwimu pamoja na mbinu za utafiti zilipokuja mwaka wa pili zilinikuta nimelala usingizi wa pono.

Kuhusu UDOM yenyewe, chuo kilianza mwaka 2007 na kimetandazwa juu ya vilima, ndaki (kitengo cha masomo) moja mbali na nyingine, kiasi kwamba mgeni hudhani amevuka wilaya. Masomo yanayochanganya wanafunzi wa shahada mbalimbali huwa na umati, na ukitaka mhadhiri akujue ni wewe utakayemfuata ofisini. Mimi hilo lilinifaa, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kidogo kuliko waliotoka kidato cha sita na sikuwa na aibu ya kubisha hodi. Mwenye haya nyingi angelipima hili mapema.

Karani Mstaafu wa Halmashauri

Mwanangu, marahaba. Nitajibu swali lako la pili, kwa sababu limewafanya vijana wengi waache nafasi nzuri bila sababu. Shahada inayotolewa na taasisi iliyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, iko ngazi ya 8 ya tuzo za ufundi, na shahada ya chuo kikuu iko ngazi ya 8 katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu; kwa hiyo zinalingana. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, nacho hutoa shahada na hakiitwi chuo kikuu, na sijawahi kuona mtu akirudishwa mlangoni kwa ajili hiyo.

Kinachowarudisha watu ni jina la shahada. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja fani zinazokubalika kwa kila kada, kisha husema tu kwamba chuo kiwe kinatambuliwa na Serikali. Kwa stashahada uliyonayo ungeingia kama Afisa Maendeleo ya Jamii Msaidizi, na kwa shahada ungeingia kama Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Lakini ukisoma mipango ya mikoa unaelekea kwenye kada ya maafisa mipango, na ukisoma utawala unaelekea kwingine kabisa. Katika vyuo vyako vitatu, kwa macho yangu, umechaguliwa kazi tatu, na wewe unauliza habari za majengo. Tafuta matangazo ya ajira ya miaka miwili au mitatu iliyopita, uone ni katika kada zipi jina la kila shahada limeandikwa waziwazi, na ni wapi mwombaji ataachwa akijieleza kwamba fani yake inafanana na ile iliyotajwa.

Mzumbe sitaisema vibaya. Mahali pale palianza mwaka 1953 kwa kuwafunza watendaji wa serikali za mitaa, na pakawa chuo kikuu mwaka 2001. Kama moyo wako uko kwenye utawala, utakuwa umekwenda penyewe.

Mama wa Kikuyu

Mimi nimesomesha wawili, mmoja hapa mjini na mmoja Morogoro, kwa hiyo nitasema ya mfukoni. Usijidanganye kwamba Dodoma ni nyumbani. Hombolo hadi mjini ni mwendo wa kilomita 40 hivi, na mwenye kipindi cha saa moja asubuhi hawezi kuupanda na kuushuka kila siku. Utapanga chumba, iwe Ng'ong'ona ukiwa UDOM au Miyuji ukiwa Mipango. Utakachookoa kwa kubaki ni unga, karanga na mboga kavu ya mama inayofika kila mwisho wa wiki, na katika bajeti ya mwanafunzi hicho si kitu kidogo. Treni ya SGR imeifanya Morogoro kuwa jirani tangu mwaka 2024, ila Mzumbe iko nje ya mji, kwenye barabara ya Iringa, na safari yako haitaishia stesheni.

Kama mkopo utatoka, ada Bodi ya Mikopo huilipa chuoni moja kwa moja, na ya chakula na malazi ndiyo utakayoishika mwenyewe. Ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na bado wangu walikuwa wakinipigia simu wiki mbili kabla ya awamu nyingine.

Msoma Usiku

Nyongeza fupi, dada. Usithibitishe chuo usichokitaka kwa matumaini ya kuhama baadaye. Uhamisho upo, lakini una taratibu za TCU, unahitaji nafasi kule uendako na fani inayolingana na uliyoianza, na kwako shahada zote tatu ni tofauti.

Binti wa Hombolo

Ninawashukuru nyote, na baba karani umeniaibisha kwa haki. Nilikaa na kalamu siku nzima. Shahada ya UDOM ndiyo iliyokatwa mistari mingi zaidi, kwa kuwa ndiyo ndugu wa karibu wa stashahada yangu. Ya Mipango ilibaki karibu nzima, hasa upande wa takwimu na ramani, ambavyo sijawahi kuvigusa na vinanitia hofu. Kisha nilisoma matangazo ya ajira, nikaona kweli nitakuwa nimeiacha kada ya maendeleo ya jamii. Nilidhani hilo litaniuma. Mwaka jana nilijitolea ofisi ya kata, na kila mradi tuliouhimiza ulikuwa umekwisha kupangwa na mtu mwingine mezani, wakati mwingine na mtu asiyejua kwamba korongo la kwetu halipitiki masika. Nimegundua meza ile ndiyo ninayoitaka.

Nimethibitisha Mipango jana. Namba ya siri ya kuthibitisha ilichelewa kuingia kwenye simu hadi saa nne usiku, mama akiwa pembeni anapanga kreti za zabibu za kupeleka soko la Sabasaba alfajiri.