Kwa nini Ulaya hukesha na uchaguzi wa Marekani, lakini Marekani haikeshi na wa Ulaya?

Mleta mada:
Ndugu zangu, usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 2024 televisheni za Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zilikesha na matokeo ya Marekani, na watangazaji wakazichambua kura 19 za wajumbe wa Pennsylvania wanaomchagua rais kana kwamba ni mkoa wa kwao. Miezi mitano kabla yake nchi 27 zilichagua Bunge la Ulaya lenye viti 720, na Wamarekani wengi hawakuwa na habari. Chanzo ni madaraka: neno la Washington kuhusu NATO au ushuru humfikia mtengeneza magari wa Stuttgart siku hiyohiyo, ilhali mkulima wa Iowa hapungukiwi kitu asipomjua waziri mkuu wa Uholanzi. Hata hivyo, nasema wazi kwamba Wamarekani wamezidi uvivu wa kujua ya wenzao.

Mchangiaji aliyeko Ohio:
Mkuu, hoja ya madaraka naikubali, lakini hilo la uvivu siwezi kulinyamazia, kwa sababu naishi na watu hawa na nawaona wanavyohangaika. Boston Globe, gazeti la mji wa wasomi, lilifunga ofisi zake za mwisho za nje mwaka 2007, ikiwemo ya Berlin, kwa kuwa mapato yalikuwa yakishuka. Msomaji aliyeondolewa mwandishi wake anaitwaje mvivu? Tena usimseme mkulima peke yake. Waulize wapika wiski wa Kentucky kama hawakuifuatilia Brussels mwezi Juni 2018, Umoja wa Ulaya ulipoitoza bourbon, wiski yao, ushuru wa asilimia 25 kujibu ule wa Marekani kwenye chuma cha pua na alumini. Na ninyi wa Ulaya, mbona sheria yenu ya faragha, ile GDPR ya kulinda taarifa binafsi za watu mtandaoni, iliwafungia wasomaji wenu magazeti ya Marekani?

Mchangiaji aliyeko Berlin:
Tusipotoshane, tafadhali. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2016 na ikaanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, kwa hiyo kila gazeti lilipewa miaka miwili ya kujiandaa, na New York Times na Washington Post ziliendelea kusomeka huku. Los Angeles Times na Chicago Tribune, zilizokuwa chini ya kampuni moja, ndizo zilizochagua kufunga, na aliyezifungua akiwa Ulaya alikutana na tangazo fupi kwamba kwa sasa hazipatikani katika nchi nyingi za Ulaya. Muuza duka akikataa mizani yake ikaguliwe, halaumiwi mkaguzi.

Mchangiaji aliyeko Ohio:
Mkaguzi analaumiwa, ndugu yangu, iwapo kanuni zake anazibeba tajiri tu. Gazeti la mji mdogo lenye wasomaji wachache ng'ambo haliwezi kulipa mawakili kwa ajili yao, na wewe unalihukumu kwa kipimo cha New York Times.

Mchangiaji aliyeko Dar es Salaam:
Mnabishania sheria, na hapohapo mmegusa jambo lenyewe bila kulifuata. Kama magazeti ya Chicago yakifungwa na ya New York yakibaki, basi Ulaya inaijua Marekani ya Ikulu na mahakama kuu, wala si ya shule, maji na polisi wa mtaa. Kufuatilia sana si kuelewa. Na pale tukio la mtaani linapovuka bahari, kama kuuawa kwa George Floyd mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, Ulaya hulitumia kusemea ya kwake: tarehe 7 Juni waandamanaji wa Bristol waliangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, wakaitupa bandarini. Walichokuwa wanakidai hapo kilikuwa historia ya Bristol.

Mleta mada:
Neno uvivu silifuti, kwa sababu ofisi ya Berlin ikifungwa, simu iliyo mkononi haifungwi. Ila wa Bristol siwezi kukubali waingizwe kwenye hesabu ya wanaofuatilia bila kuelewa. Walisikia habari ya mbali wakauuliza mji wao swali ulilolikwepa kwa miaka mingi, na kama huko si kufuatilia habari, naomba mchangiaji wa Dar es Salaam anieleze kufuatilia ni kupi.