Rafiki wa kaka yangu ananitia hofu, na mimi namchekea

Binti_Nguba
Dada zangu wa Bukavu, nisaidieni. Nina miaka 23, naishi kwa kaka. Ana rafiki yake tangu sekondari. Mama anamwita mwanangu, na kaka alimpa hata ufunguo. Tangu Pasaka anakuja saa ambazo anajua kaka yuko kazini. Alhamisi alifunga mlango wa saloni ya nyumbani, eti mbu wanaingia. Saa nane mchana! Akanitoa simu mkononi, akaiweka juu ya kabati, akakaa kwenye mkono wa kiti changu. Nikacheka. Niliogopa kumwaibisha, huku mgongo wote umelowa jasho. Mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi, ndipo akaondoka. Angekuwa mtu wa barabarani ningepiga kelele. Je, ninamwonea? Nimwambie kaka?

Mama Bahati
Humwonei, mwanangu. Huku tumefundishwa kuogopa wenye silaha na njia za giza. Huyu anayejua nani yuko nyumbani na saa ngapi, hatukufundishwa. Mwambie kaka leo, na umwambie kama ilivyokuwa: mlango, simu, kiti. Ukisema tu "ananisumbua", atadhani ni kutongozwa.

Motari_Essence
Labda anakupenda tu. Hajakugusa. Usivunje urafiki wa watu.

Yaya_Kadutu
Anayependa haondoi simu ya mtu. Binti, akiingia, wewe toka, nenda barazani kwa jirani. Kumwacha mgeni peke yake ni aibu kwetu, najua. Ibebe aibu hiyo. Mimi sikuibeba. Alikuwa shemeji. Mwili uliganda, sauti haikutoka, na miaka mingi nilijilaumu kwamba sikupiga kelele. Kuganda si kukubali.

Muuguzi_Ibanda
Pole sana, yaya. Binti, Mungu apishe mbali, ila ujue: likitokea, fika hospitali kabla ya saa 72, dawa za kuzuia virusi vya sida na mimba zipo. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, wanapokea. Usioge kwanza, usifue nguo. Na familia zisikudanganye kwa mbuzi wa kupatana: sheria ya Kongo ya 2006 inampa mbakaji miaka 5 hadi 20 jela.

Binti_Nguba
Aksanti. Nimemwambia kaka usiku. Alinyamaza, kisha akaniuliza mara mbili simu iliwekwa wapi. Nikamwonyesha juu ya kabati. Asubuhi alileta fundi, tumebadilisha kufuli.