Mama ana kiharusi, kesho anaruhusiwa: nimpandishe boti ya Kibirizi?

MtotoWaZiwa: Wakuu, mama yangu (68) amepigwa kiharusi, upande wa kulia umelala. Leo siku ya tisa wodini hapa Kigoma mjini. Asubuhi daktari kapita raundi, kesho anaruhusiwa. Ana mpira wa mkojo, na uji anaumeza huku anakohoa. Kwetu Mwamgongo, kule kupita Gombe, ni boti tu kutoka Kibirizi. Choo kiko nyuma ya nyumba, unapanda ngazi za mawe. Mimi nina chumba kimoja Mwanga, hapa hapa mjini. Ndugu wanapiga simu, "mlete nyumbani". Nifanyeje?

BibiWaWodi: Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodini hadi kustaafu, sasa niko Ujiji nafuga kuku.

Hicho kikohozi ndicho kinanitia hofu. Mwambie daktari usiku huu huu, aangaliwe anavyomeza. Uji ukiingia njia ya hewa unaleta nimonia, na hiyo inaua wagonjwa wa kiharusi wengi tu. Mkalishe wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo umpe kingine, na akishakula abaki amekaa nusu saa. Akiwa amelala, hata maji usimpe.

Kesho usitoke kabla hujamgeuza, kumlisha na kumwaga mkojo kwa mikono yako, sista akikutazama. Maelezo ya mlangoni, na mizigo kichwani, yanapotea kabla hujafika getini. Kugeuza ni kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kagua visigino na makalio, ngozi ikianza kubadilika rangi umechelewa kidogo. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kiuno. Botini watauweka juu ya magunia, mkojo urudi ndani. Halafu uliza: huo mpira bado una kazi gani?

Mwamgongo isubiri. Kaa naye Mwanga, karibu na mazoezi ya viungo.

Dagaa_Kavu: Bibi kasema kweli, ila chumba kimoja na mgonjwa mjini ni hela. Sisi mzee naye kiharusi, tulimpeleka kijijini Kagunga. Dawa za presha zikaisha, tukaona presha imeshuka, tukanyamaza. Akaanguka mara ya pili. Karatasi ya ruhusa ilikuwa imeandika dawa za kuendelea nazo, hakuna aliyeisoma.

MtotoWaZiwa: Shikamoo mama, asante. Wamesogeza hadi Ijumaa. Mpira umetolewa, anakojoa mwenyewe. Sista alinipa kijiko, nikammwagia mama uji kifuani, akacheka nusu mdomo. Mama mdogo anakuja na boti kunisaidia zamu za usiku. Sasa choo: fundi anasema atakata tundu kwenye kiti cha plastiki, ndoo inakaa chini. Kinafaa?

BibiWaWodi: Marahaba. Kinafaa, kiwe cha mikono. Tundu alisugue kwa msasa, mwenyewe pitisha kiganja kwanza. Na kiegemezwe ukutani, mama ajishike kwa mkono wa upande usiolala.