Uliwahi kusoma, kufanya kazi au kuishi karibu na VC (Makamu Mkuu wa Chuo) wa chuo cha dini? Tupeane uzoefu

Mtumwa wa Faili
Wakuu, heshima kwenu. Jumapili nilikuwa ukweni kijijini, tukaenda kusali parokiani. Paroko anatangaza michango ya nyumba ya masista, nikaijua sauti kabla sijamwona vizuri usoni. VC wetu! Yule ambaye akipita koridoni wahadhiri wanaficha simu. Sasa anabembeleza waumini walete tripu mbili za mchanga. Baada ya misa nikamfuata, "Tumsifu Yesu Kristo, Padri." Akanitazama kidogo, akanitajia kozi niliyosoma. Ana furaha, amenenepa.

Nikarudi na maswali. Sisi tulikuwa tunamwona kwenye mahafali na kwenye matangazo ya ada tu. Waliowahi kuwa karibu na hawa watu, awe padri, mchungaji au shehe, hebu mtuambie wanaishije ndani ya kile kiti? Huyu ndiye aliyenitunuku shahada bwana.

Kizibo
Hakukutunuku yeye. Anayetunuku ni Mkuu wa Chuo, na kwa vyuo vya Kanisa huyo mara nyingi ni askofu. VC ndiye anayekesha na madeni.

Mtumwa wa Faili
Sawa mkuu, umeshinda. Turudi kwenye mada.

Kizibo
Hiyo ndiyo mada. Mnawachukia watu kwa ada ambayo imepitishwa na Baraza la Chuo.

Mchele Mkavu
Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa nani ana muda wa kujua Baraza ni nani? Tulikuwa tunaenda kuimba chini ya dirisha la aliye karibu.

Mama Wawili
Mimi nilisoma Lushoto, kule Magamba, SEKOMU, chuo cha Walutheri, enzi za VC Mchungaji Dkt. Anneth Munga. Baridi ya kule aliyekaa ndiye anaijua. Muelewe, Kanisa lenyewe la Kilutheri, KKKT, lilikubali kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji mwaka 1990, tena baada ya mabishano marefu. Halafu unafika chuoni unakuta mkubwa kuliko wote ni mwanamke, na ni mchungaji. Baba yangu alikuwa haamini hadi alipokuja kwenye mahafali. Aliporudi nyumbani akaacha kumwambia mdogo wangu akimbilie kuolewa. Sina kisa kingine, nimekumbuka tu hilo.

Ustadhi wa Mtaa wa Pili
Assalaam alaykum. Wengi hapa mnawaza mapadri tu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kiliongozwa na Prof. Hamza Njozi, mtu wa fasihi kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kuhusu mauaji ya Waislamu pale Mwembechai, Dar, mwaka 1998, kikapigwa marufuku. Sasa sikilizeni: serikali iliyokipiga marufuku ni ya Mkapa, na majengo ya chuo, yaliyokuwa ya mafunzo ya TANESCO, aliyewapa Waislamu ni Mkapa huyohuyo. Na profesa akaenda kukaa humo kama VC. Mimi nilikuwa nikipita pale getini nawaza hilo kila siku.

Neema wa Msamvu
Mimi Mkristo nimesoma hapo. Nilivaa mtandio, nikamaliza, sikusilimu. Mama ndiye alikosa usingizi.

Mama Mihuri
Nilisema nipite kimya, nimeshindwa.

Nilikaa kwenye mlango wa VC wa chuo kimoja cha Kanisa. Ni padri. Chuo sitakitaja. Watu wanadhani kazi ya mlango ule ni chai na mihuri. Simu ya kwanza asubuhi inatoka benki. Ya pili inatoka kwa askofu. Bodi ya Mikopo haijaleta ada, kwa hiyo mishahara haijatoka na NSSF hawajapelekewa michango yetu ya pensheni, na kwenye benchi langu amekaa mhadhiri ambaye mtoto wake amerudishwa shule. Padri mwenyewe alikuwa na chumba kimoja nyumba ya mapadri. Gari la chuo likikosa mafuta anapanda daladala na kola yake shingoni, na humo humo wanafunzi wanamuuliza matokeo ya sup, mitihani ya marudio.

Sasa ile siku. Ni kipindi TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wamechachamaa, ule mwaka 2017 vyuo 19 vilizuiwa kudahili mwaka wa kwanza. Wakaguzi wanakuja kwetu, wanataka orodha ya wahadhiri wa kudumu pamoja na vyeti. Orodha yetu ya kweli ilikuwa fupi hadi aibu. Jioni kabla ya ukaguzi mjumbe mmoja wa Baraza akaniletea nyingine kwenye flashi, ndefu, maprofesa watupu. Baadhi nawajua, wanakuja Jumamosi kufundisha na kupanda basi jioni. Baadhi sijawahi kuwatia machoni. Nikaambiwa nichape, Padri asaini.

Aliisoma yote. Akaigeuza, akaandika kwa mkono nyuma yake majina ya watu walio kazini kweli, akasaini upande huo. Akaniambia, "Chapa hii."

Asubuhi tumeshaketi, yule mjumbe akatoa nakala yake mfukoni, ile ndefu, akawapa wakaguzi Padri akiwa palepale. Mkaguzi mmoja anashuka nayo kwa kidole. Akasita. "Huyu profesa wa namba saba, mbona ofisi yake iko jirani na yangu Dar?" Mwenzake akacheka kabla hajajizuia. Mimi kalamu ilinianguka. Padri akasukuma karatasi yake mezani, akasema orodha ya chuo ni hii, ndiyo yenye saini yangu.

Tulizuiwa kudahili. Mwaka haujaisha ikaja bahasha ya jimbo. Barua zote nafungua mimi, hata hiyo. Mistari haikujaza nusu ukurasa: anashukuriwa kwa utume wake, anapangiwa parokia. Hakuna kikao, hakuna rufaa, padri aliweka ahadi ya utii kwa askofu siku ya daraja. Alipoingia akaniuliza, "Imekuja?" Nikamwonyesha. Akaomba boksi tupu la karatasi za A4, vitabu vyake vikaenea humo.

Mchele Mkavu
Duh.

Mzee wa Disco
Nakazia. Huyo apewe jimbo.

Mtumwa wa Faili
Mama Mihuri, asije akawa huyuhuyu wangu?

Mama Mihuri
Nimesema sitaji. Mpelekee mchanga.

Mhadhiri Vifaranga
Sifieni tu. Nilikuwa mhadhiri msaidizi kwenye chuo kilichofungiwa vilevile. Wasipodahili hakuna ada, na ada isipokuwepo hakuna mshahara. Yeye alikuwa na parokia ya kwenda, chakula mezani, mtungi wa gesi unaletwa. Mimi nilirudi nyumbani kufuga vifaranga nikiwa na masters.

Mzee wa Disco
Kwa hiyo asaini uongo ili wewe ule?

Mhadhiri Vifaranga
Angeajiri mapema.

Mama Mihuri
Kwa hela ipi mwanangu? Nilikuwa naiona hiyo akaunti.

Mhadhiri Vifaranga
Basi angejiuzulu, tujue moja. Wewe na mimi NSSF yetu hadi leo ina mashimo, halafu tunaambiwa tupige makofi.

Kizibo
Tatizo liko juu ya VC. Mmiliki ni jimbo au dayosisi, anataka chuo kwa heshima ya kuwa na chuo. Angalieni SAUT, chuo cha Wakatoliki Mwanza, mbegu yake ni chuo cha Nyegezi cha tangu 1960, kikawa chuo kikuu 1998, halafu vyuo vya Bugando, Mwenge, Ruaha, Tabora, Mtwara, Songea vyote vikawekwa chini yake. VC mmoja yuko Mwanza na anajibu maswali ya Mtwara! Wengine ndiyo wamekua wakajitegemea.

Mzee wa Disco
Lakini kwa wengine kiti kile ni ngazi. Padri Kitima alikuwa VC wa SAUT, leo jina lake nani halijui? Akaenda kuwa Katibu Mkuu wa TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki.

Mchele Mkavu
Ngazi ya kwenda wapi? Mwaka 2025 si alivamiwa akajeruhiwa palepale Kurasini, makao ya TEC?

Mzee wa Disco
Hilo sikulisema mimi.

Kijana wa Iringa
Samahani kuingilia. Mjomba wangu ni mchungaji, ana PhD ya theolojia, ameitwa kwenye usaili wa nafasi hiyohiyo, chuo cha dayosisi. Ukoo umegawanyika. Tumshauri nini?

Neema wa Msamvu
Akatae.

Mchele Mkavu
Akubali, nyumba bure.

Kizibo
Asome hati idhini ya chuo kwanza. Nani anamwajiri, nani anamfukuza, na mwenyekiti wa Baraza ni nani. Kisha aombe hesabu zilizokaguliwa, na barua zote za NSSF na za TRA, watu wa kodi, siyo muhtasari. Wakisita kumpa, jibu analo.

Mhadhiri Vifaranga
Mhasibu asiwe shemeji wa mtu yeyote mwenye msalaba mkubwa kifuani.

Ustadhi wa Mtaa wa Pili
Kwetu pia wapo mashemeji, usijali. Aswali istikhara, sala ya kuomba mwongozo. Aa, yeye ni mchungaji. Basi afunge na kuomba.

Mama Wawili
Aende na mkewe kwenye usaili. Mke ndiye atakayesikia nyimbo za boom usiku.

Mzee wa Disco
Theolojia haitamsaidia kitu kwenye bajeti. Atafute naibu wa fedha mkorofi.

Kijana wa Iringa
Ahsanteni. Nimempigia nikamsomea hii yote mpaka hapa. Amecheka sana kwa shemeji. Anauliza kama Mama Mihuri bado anafanya kazi za ofisi.

Mama Mihuri
Mwambie NSSF kwanza, halafu tuongee.