Hakimu wa chini aamue shamba ni la nani, ama aishie kwa nani akae nani atoke?

Wa Shela: Wadau wa Malindi na Lamu hebu tulijadili hili. Mtu ana hatimiliki, akushtaki kwa hakimu utoke. Wewe wasema hapa nimezaliwa, hii minazi alipanda babu. Sasa hakimu atajuaje kama utoke bila kuangalia shamba ni la nani? Na kuamua hilo ni kazi yake kweli, ama ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi?

Mzozo huu si mgeni kwetu. Mawakili wa Malindi walienda kortini wakisema katiba ya 2010, kifungu cha 162, imetaka korti maalum ya ardhi kwa hivyo mahakimu wasiguse, 2016 Mahakama Kuu ya hapa ikawakubalia, 2017 Mahakama ya Rufaa ikapindua. Leo hakimu anasikiza bora thamani ya shamba isipite uwezo wake, hakimu mkazi shilingi milioni 5, hakimu mkuu milioni 20.

Mimi sipendi, na sio eti mahakimu hawajui sheria. Mwenye hati anakuja na karatasi moja tu na kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataka iaminiwe mpaka uonyeshe ulaghai ama ilitolewa kinyume cha utaratibu. Mskwota hana karatasi, ana kisima, minazi na makaburi ya wazee. Na akitaka kudai shamba liwe lake kwa ile miaka 12 ya kukaa bila kusumbuliwa, kifungu cha 38 cha Sura ya 22, ile sheria ya muda wa kushtaki, chamtuma korti iliyo juu ya hakimu, yaani ile ya ardhi! Silaha yake iko huko, amri ya kumtoa inatoka huku.

Wa Barani: Kaka, wewe wawaza maskwota peke yao. Mimi nimenunua kiploti kwa jasho, watu wanaingia usiku wanapiga nguzo na mabati, nianze kupanga foleni korti ya juu kwa ploti ya laki kadhaa? Mtu wa Pate naye apande boti, halafu basi, alipe na wakili. Kesi ikikaa miaka anayefurahi ni mwenye pesa.

Wa Shela: Sijasema hakimu afunge mlango. Ufilipino korti za chini zinasikiza kesi za kufukuzana, zikilazimika kugusa umiliki zinaugusa kwa ajili ya kujua nani akae tu, na uamuzi huo haumfungi yeyote akienda baadaye kudai hati. Wavamizi wako wa juzi wangetoka haraka, mzee wa minazi naye hangepoteza haki yake kwa hakimu.

Wa Barani: Umesoma nusu. Huko huko aliyeshindwa akikata rufaa aweke dhamana na awe analipa kortini kodi ya pale anapokaa, la sivyo anatolewa hata rufaa haijasikizwa. Huyo mzee atoe wapi?

Wa Shela: Hapo umenishika. Basi sisi tukiiga, dhamana waondoe kwa aliyekaa zaidi ya miaka 12, na buldoza lisiguse nyumba mpaka korti ya ardhi iseme.

Wa Mpeketoni: Na nani atahesabu hiyo miaka 12 jamani, si hakimu huyo huyo??